Austria: Bunduki fupi ya michezo na vifaa vyake, nini kifungwe na nini kiachwe

Bunduki za aina ya bulpapu, ambazo magazini yake hukaa nyuma ya kifyatulio, huruhusiwa kwa wanamichezo wa Austria wenye kibali, ilhali jirani yao Ujerumani imeziweka nje ya michezo ya kulenga shabaha zile zinazofanana na silaha za kivita. Makala hii inaeleza jinsi bunduki hiyo ilivyoundwa, vifaa vya ziada vinavyoifaa, namna ya kuvifunga, na kwa nini kifaa kidogo tu kinaweza kumtia mmiliki wake hatiani.

Mji wa Laufen uko katika jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Ng'ambo ya mto Salzach kuna mji wa Oberndorf, nchini Austria. Mtu anayetembea kwa miguu huvuka daraja la kati ya miji hiyo kwa dakika chache. Lugha ni moja, sarafu ni moja, na pande zote mbili zina vyama vya walenga shabaha vyenye historia ndefu. Lakini bunduki ambayo mwanachama wa upande mmja anaweza kuinunua kwa kibali cha kawaida, mwenzake wa upande wa pili hawezi kupewa kwa ajili ya mchezo. Kwa wasomaji wanaoishi Ujerumani na kualikwa na marafiki kwenye viwanja vya shabaha nchini Austria, tofauti hiyo si jambo la kinadharia.

Bulpapu ni bunduki ya namna gani?

Katika bunduki ya kawaida, magazini na chumba cha risasi huwa mbele ya kifyatulio, na kitako kilicho nyuma huwa na kazi moja kubwa, yaani kuegemea begani. Katika bulpapu, sehemu zote zinazofanya kazi zimerudishwa nyuma, zikaingizwa ndani ya kitako chenyewe. Faida yake ni kwamba urefu wa bunduki hupungua bila mtutu kukatwa.

Mfano unaojulikana zaidi ni Steyr AUG, bunduki ya Austria ambayo jeshi la nchi hiyo liliipokea mwaka 1977 kwa jina la StG 77. Mtutu wake wa kawaida una urefu wa milimita 508, na bunduki nzima ina urefu wa milimita 790 hivi. Bunduki ya Marekani ya M16A2, yenye mtutu wa urefu huohuo, hufikia takriban mita moja. Mbali na Austria, majeshi ya Australia, New Zealand, Ireland, Malaysia na Oman nayo yaliichukua AUG, na baadhi yao yaliitengeneza nyumbani kwa leseni.

Toleo la kiraia huitwa AUG Z. Linafyatua risasi moja kwa kila mvuto wa kifyatulio, kisha hujijaza lenyewe. Bodi yake ni ya plastiki ngumu, na bunduki nzima hufunguka katika makundi sita bila kuhitaji zana: mtutu, mwili wa juu, kifungio, mtambo wa nyundo, bodi na magazini.

Muundo huu una gharama zake, na gharama hizo ndizo zinazoamua vifaa vya kufunga. Nafasi ya kufungia vifaa ni ndogo. Shavu la mpigaji hukaa karibu kabisa na tundu la kutolea maganda. Bodi ni ya urefu mmoja, na haina kitako cha kuvuta nje au kurudisha ndani. Kifyatulio kiko mbali na nyundo, na viwili hivyo huunganishwa na vyuma virefu, hivyo mvuto wake huwa mzito na usio mkavu kama wa bunduki ya kawaida. Uzito mwingi uko nyuma. Kila kifaa kinachoongezwa hakina budi kuheshimu mambo hayo matano.

Sheria kwanza, duka baadaye

Sheria ya Austria hugawa silaha katika madaraja. Daraja A ni la zile zilizopigwa marufuku, daraja B ni la zinazohitaji kibali, na daraja C ni la zinazohitaji kusajiliwa. AUG Z iko katika daraja B. Mwombaji huchunguzwa uaminifu wake, hufanyiwa tathmini ya kisaikolojia, na hutakiwa kuonyesha kwamba anajua kuishika silaha kwa usalama. Masharti hayo yamezidi kukazwa tangu shambulio la Juni 2025 katika shule moja mjini Graz, ambapo mshambuliaji aliwaua watu 10 kabla ya kujiua. Baadaye mwaka huo bunge la Austria lilipitisha marekebisho ya sheria, yakiwemo ya kupandisha umri wa kuruhusiwa kumiliki silaha.

Nchini Ujerumani njia ni nyingine. Kanuni ya jumla ya silaha, katika kifungu chake cha 6, inaziondoa kwenye michezo bunduki zinazojijaza zenyewe ambazo kwa umbo zinafanana na silaha ya kivita, endapo mtutu wake haufiki sentimita 42, au ganda la risasi yake halifiki milimita 40, au magazini yake iko nyuma ya kifyatulio. Sharti hilo la mwisho linaitaja bulpapu waziwazi. Mmiliki hawezi kujitetea kwa kurefusha mtutu au kubadili rangi, kwani mahali pa magazini ndipo penyewe panapopingwa.

Magazini nayo ni kifaa cha ziada mbele ya sheria. Baada ya mashambulizi ya Paris ya Novemba 2015, Umoja wa Ulaya ulirekebisha mwongozo wake wa silaha mwaka 2017. Kwa bunduki ndefu zinazojijaza zenyewe, magazini yenye uwezo wa kubeba zaidi ya risasi 10 huiingiza silaha katika kundi la zilizokatazwa, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Austria ilianza kulitekeleza sharti hilo Desemba 2019. Magazini ya AUG ya kijeshi, ile ya plastiki inayoonyesha risasi zilizomo ndani, hubeba risasi 30. Inaingia barabara kwenye bunduki ya michezo, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu kuingia si kuruhusiwa.

Taa ya kufungwa kwenye bunduki ni mfano mwingine. Madukani ya intaneti huuzwa kama kipambo cha kawaida, lakini sheria ya silaha ya Austria inazitaja taa hizo miongoni mwa vitu vilivyokatazwa, hata zikiwa hazijafungwa popote. Nchini Ujerumani pia vifaa vya kuimulika shabaha, na vile vya kuielekezea mwale wa leza, vimo katika orodha ya marufuku. Vizima-sauti huruhusiwa kwa makundi fulani, hasa wawindaji, kwa masharti. Mnunuzi anayeagiza kutoka nje kwa kutazama picha tu anaweza kupokea kwa posta kitu ambacho kukimiliki ni kosa.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama kifaa kinaruhusiwa kwenye bunduki hii, kwa mmiliki huyu, katika nchi hii. Fundi wa silaha mwenye leseni, au ofisi inayotoa vibali, ndio wa kuulizwa kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Kazi ndiyo inayochagua kifaa

Anayepiga akiwa amekaa mezani kwenye umbali wa mita 100 hahitaji kile anachohitaji mwenzake anayekimbia kutoka kituo hadi kituo katika mashindano ya haraka. Baadhi ya madaraja ya mashindano huruhusu darubini, na mengine hayaruhusu. Kanuni za chama zisomwe kabla ya orodha ya bei.

Kwa bulpapu, mambo matatu hutosha kwa watu wengi: kilengeo kinachofaa, mkao mzuri wa shavu na bega, na mkanda. Kila kitu kinachozidi hapo kinapaswa kujieleza chenyewe. Bunduki ya AUG ina uzito wa takriban kilo 3.6 ikiwa tupu. Darubini kubwa na kishikizo chake, miguu ya kuegemea na vikorokoro vingine vikiongezwa, uzito hupita kilo 5 bila mmiliki kutambua, na ufupi aliounulia hauna faida tena mkononi.

Kilengeo

AUG za mwanzo zilikuja na darubini ndogo ya kukuza mara 1.5, iliyojengwa ndani ya mpini wa kubebea. Ilikuwa hatua kubwa kwa wakati wake, na kwa umbali wa kawaida bado inatosha. Matoleo ya baadaye yana reli juu ya mwili wa bunduki, ambapo mmiliki hufunga kilengeo anachokitaka.

Reli hiyo ni ya mtindo wa Picatinny, uliopata jina lake kutoka kituo cha silaha cha jeshi la Marekani huko New Jersey na kuwekwa katika kanuni rasmi mwaka 1995. Mifereji yake ina upana wa milimita 5.23, na kutoka katikati ya mfereji mmoja hadi katikati ya unaofuata ni milimita 10 hivi. Mtindo wa zamani wa Weaver una mifereji myembamba zaidi. Kifaa cha Weaver kwa kawaida hukaa kwenye reli ya Picatinny, lakini kifaa cha Picatinny hakikai daima kwenye reli ya Weaver. Kabla ya kununua kishikizo, mtu ahakikishe ni ipi kati ya hizo mbili imeandikwa kwenye karatasi ya kifaa.

Uchaguzi mkuu ni kati ya kioo chenye nukta nyekundu na darubini ya kukuza. Kioo cha nukta hakikuzi kitu. Faida yake ni kwamba jicho linaweza kukaa mbali au karibu na bado likaiona nukta, jambo linalofaa sana kwenye bunduki yenye reli fupi. Kwa shabaha za mita 25 hadi 100 zinazopigwa kwa haraka, ndicho chaguo rahisi.

Darubini inahitaji jicho likae kwenye umbali maalumu nyuma ya lenzi, mara nyingi sentimita 8 hadi 10. Katika bulpapu, kichwa cha mpigaji hukaa mara tu nyuma ya reli, kwa hiyo nafasi ya kuisogeza darubini mbele na nyuma ni ndogo. Darubini ndefu inaweza kukataa kabisa kukaa mahali pake. Njia salama ni kupima kabla ya kulipa. Mpigaji afumbe macho, aweke bunduki begani na shavu kwenye bodi kama anavyopenda, kisha afumbue. Akiona duara kamili lenye mwanga bila kunyoosha wala kurudisha shingo, darubini inamfaa. Akiona kivuli pembeni, ama kishikizo kibadilishwe au darubini irudishwe rafuni.

Urefu wa kilengeo kutoka kwenye mtutu nao una maana yake. Bodi ya bulpapu imenyooka, hivyo kilengeo hulazimika kukaa juu ili jicho lifike. Tuseme kiko sentimita 7 juu ya mhimili wa mtutu, na kimeoanishwa kwa mita 100. Kwenye shabaha ya mita 10, risasi itapiga takriban sentimita 6 chini ya pale jicho linapotazama, kwa sababu njia ya jicho na njia ya risasi bado hazijakutana. Mchezaji asiyejua jambo hilo huilaumu bunduki. Anayelijua hulenga juu kidogo, akaendelea na mchezo.

Shavu, bega na upande wa maganda

Kwa kuwa bodi haina kitako cha kurefusha, mtu mfupi hulazimika kuzoea urefu uliopo, na mtu mrefu anaweza kuongeza mpira wa kitakoni. Mpira huo hupunguza pia teke la bunduki, ingawa risasi ya milimita 5.56 haina teke kubwa. Uongezwe kidogo kidogo. Kiwiko cha mkono wa kifyatulio kikianza kunyooka, umezidi.

Pedi ya shavu husaidia pale kilengeo kinapokuwa juu kuliko mkao wa asili wa kichwa. Lakini kwenye bulpapu pedi haiwekwi popote. Isizibe tundu la kutolea maganda, isizuie mfuniko wala kifungio, na isifunike mahali ambapo bodi inafunguliwa kwa ajili ya kusafishwa.

Anayetumia bega la kushoto anahitaji uangalifu zaidi. AUG hutupa maganda upande wa kulia. Mtu akiiweka bega la kushoto bila kuibadili, ganda la moto hutoka mbele ya uso wake. Bunduki hii inaweza kubadilishwa: hufungwa kifungio cha mkono wa kushoto, na mfuniko wa tundu huhamishiwa upande wa pili. Mambo hayo mawili hufanywa pamoja. Kifungio cha kushoto kikiwekwa bila kuhamisha mfuniko, maganda hayatakuwa na pa kutokea. Katika chama chenye bunduki ya kuazima, anayepiga kwa bega la kushoto aulize bunduki imefungwa upande upi kabla ya kuiinua.

Mkono wa mbele, mkanda na miguu ya kuegemea

Hapa ndipo AUG inapotofautiana na bunduki nyingi. Mpini wake wa mbele unaokunjwa umeshikana na mtutu wenyewe. Haupo kwenye bodi. Vivyo hivyo, kitu chochote kinachoukandamiza mtutu, iwe ni mkono mzito, mkanda uliokazwa au ukingo wa meza, kinaweza kuusogeza kiasi kidogo sana, na kiasi hicho kikaonekana kwenye karatasi ya shabaha iliyo mita 100.

Kutokana na hilo hutoka kanuni tatu. Kwanza, unapoegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, egemeza bodi, usiegemeze mtutu. Pili, mkanda ni wa kubebea. Ikiwa pete yake ya mbele imeshikana na mtutu, usiuvute kwa nguvu unapolenga, au uuvute kwa nguvu ileile kila mara. Tatu, miguu miwili ya kuegemea iliyofungwa kwenye mtutu hubadilisha mahali risasi inapopiga. Anayeitaka aoanishe kilengeo miguu ikiwa imefungwa, na asiiondoe siku ya mashindano.

Kuna pia suala la vidole. Katika bunduki fupi, mkono wa mbele uko karibu na mdomo wa mtutu kuliko katika bunduki ndefu, hasa mtutu ukiwa mfupi. Mpini wa mbele una kazi ya kuuzuia mkono usiteleze mbele. Kuuondoa kwa ajili ya kupunguza uzito ni kuondoa kizuizi hicho. Mtutu wenyewe hupata moto baada ya magazini mbili au tatu, na hauna kava la kuukinga mkono.

Mdomo wa mtutu na masikio

Kwa kuwa bunduki ni fupi, mlipuko wa mdomo wa mtutu hutokea karibu na uso wa mpigaji, na mlio wa chumba cha risasi uko chini ya sikio lake. Kifaa cha mdomoni kinachopunguza teke hufanya kazi kwa kuielekeza gesi pembeni na nyuma, yaani kwa mpigaji na kwa jirani yake. Kwa risasi ndogo kama hii, faida ni chache na kero ni nyingi, na viwanja vingine vya ndani huvikataa vifaa hivyo. Vizibo vya ndani ya sikio pamoja na vikinga vya juu ya sikio ndivyo kifaa cha ziada cha kwanza kinachostahili fedha. Sikio lililopotea kwa mlio halirudi.

Mtambo wa kifyatulio, kwa upande mwingine, si sehemu ya kuchezewa na mmiliki. Kuupunguzia uzito ni kazi ya fundi mwenye leseni, na mabadiliko yoyote yanayogusa namna bunduki inavyofyatua yanaweza kuiondoa silaha katika daraja lake la kisheria.

Namna ya kufunga

Kazi huanza kwa kuhakikisha bunduki ni tupu. Ondoa magazini kwanza, kisha vuta kifungio nyuma, tazama chumba cha risasi, na ukipapase kwa kidole. Katika bulpapu magazini iko chini ya kwapa, nje ya upeo wa macho ya anayelenga, hivyo kuisahau ni rahisi. Risasi zote ziondolewe kwenye chumba cha kazi.

Futa mafuta kwenye reli na kwenye skrubu kwa kitambaa kikavu. Weka kishikizo kwenye mfereji uliochagua, kisha kisukume mbele hadi ubavu wake uguse ukuta wa mfereji, ndipo ukaze. Teke la bunduki huirudisha nyuma bunduki huku kilengeo kikitaka kubaki palepale. Kishikizo kilichokwisha kugusa ukuta wa mbele hakina pa kusogea.

Kaza skrubu kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, kama mtu anayefunga gurudumu la gari. Tumia spana inayopima nguvu. Skrubu ndogo za pete za darubini mara nyingi huandikiwa kiwango cha kati ya nyutonimita 1.5 na 2.5, na zile za kishikizo huwa na kiwango cha juu zaidi. Karatasi ya mtengenezaji ndiyo ya kufuatwa. Kukaza kupita kiasi huminya bomba la darubini na kuharibu nyuzi za skrubu.

Kabla ya kukaza mara ya mwisho, hakikisha mstari wa wima wa darubini umesimama sawa na bunduki. Uzi wenye kitu kizito ulioning'inizwa ukutani unatosha kuwa kipimo. Mwisho, chora alama ndogo ya rangi inayopita juu ya skrubu na juu ya kishikizo. Siku alama hiyo ikikatika katikati, utajua skrubu imelegea.

Kuoanisha kilengeo na mtutu

Uwanjani, anza karibu, kwenye mita 25, ili risasi ya kwanza iguse karatasi. Piga risasi tatu hadi tano ukiwa umeegemea, ukilenga mahali pamoja bila kufuata tundu lililotokea. Tafuta kitovu cha matundu yote, kisha pima umbali kutoka kitovu hicho hadi ulipolenga.

Darubini nyingi za Ulaya husogeza shabaha sentimita 1 kwa kila mlio wa kitufe, kwenye umbali wa mita 100. Kama kitovu kiko sentimita 6 kulia, ni milio 6 kuelekea kushoto. Kwenye mita 50, mlio mmoja ni nusu sentimita, hivyo sentimita 6 hizohizo huhitaji milio 12. Rekebisha, piga tena, na usiridhike hadi makundi mawili yanayofuatana yaangukie mahali pamoja.

AUG ikivuliwa mtutu kwa ajili ya kusafishwa, kilengeo hubaki kwenye mwili wa bunduki na mtutu huenda peke yake. Baada ya kuurudisha, risasi chache za kuhakikisha ni za lazima. Andika katika daftari tarehe, umbali, aina ya risasi na kifaa kilichokuwa kimefungwa. Daftari la senti chache huokoa risasi za fedha nyingi.

Kabla ya kuvuka daraja

Safari ya mpakani na silaha ndani ya Umoja wa Ulaya huhitaji hati ya silaha ya Ulaya, ambamo bunduki husika imeandikwa. Silaha husafirishwa ikiwa tupu, ndani ya sanduku lililofungwa. Hata hivyo, hati hiyo haihalalishi kile ambacho sheria ya nchi nyingine imekikataza. Magazini kubwa iliyoachwa chini ya mfuko, au taa iliyosahaulika ndani ya sanduku, huhesabiwa kama ilivyo, si kama mmiliki alivyokusudia.

Kwa mtu anayeishi Ujerumani, njia iliyo wazi ni kwenda Austria mikono mitupu, akaijaribu bulpapu ya chama kilichomwalika, chini ya usimamizi wa mwenye kibali, kwa kufuata kanuni za uwanja huo. Anachopaswa kuvuka nacho daraja la Salzach ni vikinga masikio na daftari lake.